Je, Upepo wa Mashewa Waweza Kuwasha Taa?

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliujua upepo karne nyingi kabla ya kuujua umeme. Walijua kwamba kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, ikisukuma majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kwamba kusi hushika zamu yake tangu Aprili na kuyarudisha yalikotoka. Na kwamba kati ya misimu hiyo kuna tangambili, kipindi ambacho upepo hauna msimamo. Nahodha aliyekosea hesabu ya misimu alikwama ugenini kwa miezi mingi, na hasara ilikuwa yake.

Hesabu ya namna hiyo yamkabili leo mwananchi wa kijijini anayefikiria kusimamisha kinu kidogo cha upepo ili apate umeme wa nyumbani. Upepo haulipiwi, wala haupelekwi kwa lori kama mafuta ya taa. Lakini kinu chenyewe, mlingoti wake, nyaya zake na betri zake hulipiwa, na fedha hizo kwa kawaida hutokana na mavuno au mifugo. Mkulima aliyeuza ng'ombe wake akanunua kinu ambacho hakizunguki vya kutosha hana wa kumrudishia ng'ombe huyo. Kwa sababu hiyo yafaa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari waijue sayansi ya jambo hili, kwani mara nyingi wao ndio watakaoulizwa na wazazi na majirani: je, kwetu kinafaa?

Tuchukue mfano wa Mashewa, kata iliyoko katika wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Mashewa iko upande wa bonde la mto Lwengera, bonde litenganishalo milima ya Usambara ya Magharibi na ile ya Mashariki. Wilaya ya Korogwe si ngeni kwa umeme. Kituo cha Hale, katika mto Pangani, kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Hata hivyo, kwa miaka mingi umeme wa mto huo ulipita juu ya vijiji kwa nyaya nene ukielekea mijini na viwandani. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimeenea katika vijiji vingi vya Tanzania. Lakini nguzo kufika kijijini si sawa na umeme kufika katika kila nyumba. Nyumba iliyo mbali na njia kuu, ng'ambo ya kijito au juu ya kilima, yaweza kukaa gizani huku taa za jirani zikionekana. Ni kwa ajili ya nyumba kama hiyo kwamba mtambo unaojitegemea, usiounganishwa na nyaya za taifa, una maana.

KASI KWA KIPEO CHA TATU

Ili tujue upepo una nguvu kiasi gani, tuanze na hewa yenyewe. Meta moja ya ujazo ya hewa, katika nchi za joto zisizo juu sana ya usawa wa bahari, ina kilo 1.2 hivi. Hewa hiyo iendapo, huwa na nishati ya mwendo, ambayo mwanafunzi wa fizikia huiandika kuwa nusu ya masi ikizidishwa kwa kasi mara mbili. Lakini masi ya hewa ipitayo katika kinu kila sekunde nayo huongezeka kadiri kasi iongezekavyo. Hivyo kasi huingia katika hesabu mara tatu, na kanuni yenyewe ni hii:

Nguvu ya upepo = nusu × densiti ya hewa × eneo la duara la kinu × kasi × kasi × kasi.

Tuseme kinu kina mapanga ambayo ncha zake huchora duara lenye kipenyo cha meta 2. Eneo la duara hilo ni meta za mraba 3.14. Upepo ukivuma kwa kasi ya meta 3 kwa sekunde, nguvu ipitayo katika duara ni wati 51. Kwa meta 4 ni wati 121. Kwa meta 5 ni wati 236. Na kwa meta 6 ni wati 407. Tazama vizuri hesabu hizi. Kutoka meta 3 hadi meta 6 kasi imeongezeka mara mbili tu, lakini nguvu imeongezeka mara nane.

Nguvu hiyo yote haiwezi kuchukuliwa. Kama kinu kingeichukua yote, hewa ingesimama nyuma yake na kuifungia njia hewa inayokuja. Mwanasayansi wa Ujerumani, Albert Betz, alionyesha kwamba hata kinu kisicho na dosari hakiwezi kuchukua zaidi ya sehemu 16 kati ya 27 za nguvu ya upepo, yaani asilimia 59.3. Kanuni hiyo, aliyoitoa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ingali ndiyo itumikayo. Katika kinu kidogo cha kijijini, baada ya kutoa hasara za mapanga, za jenereta na za nyaya, ni heri tukadirie robo tu. Basi kinu chetu chenye kipenyo cha meta 2 kitatoa wati 13 kwa kasi ya meta 3, wati 30 kwa meta 4, wati 59 kwa meta 5, na wati 102 kwa meta 6. Tena vinu vingi vya aina hii havianzi kutia umeme katika betri mpaka upepo ufikie kasi ya meta 3 hivi. Chini ya hapo mapanga yaweza kuzunguka, lakini huzunguka bure.

Kutokana na kanuni hii twapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kosa dogo katika kukadiria upepo ni kosa kubwa katika kukadiria umeme. Mtu adhaniaye kwamba upepo wa kwake ni wa meta 6, kumbe ni wa meta 4, atapata chini ya theluthi ya umeme aliotarajia. La pili ni kwamba wastani peke yake hautoshi. Fikiri mahali ambapo upepo huvuma meta 4 kwa saa 24 mfululizo: kinu chetu kitatoa wati-saa 720 kwa siku. Fikiri mahali pengine ambapo huvuma meta 6 kwa saa 12, na meta 2 kwa saa 12 zilizobaki. Wastani wa kasi ni uleule wa meta 4, lakini umeme utakuwa wati-saa 1,224, ingawa nusu ya siku kinu hakikutoa kitu.

MAHITAJI YA NYUMBA MOJA

Sasa tuulize nyumba yenyewe yahitaji nini. Taa nne za kisasa zenye wati 5 kila moja, zikiwashwa saa 5 kila usiku, zahitaji wati-saa 100. Redio ya wati 5 ikisikilizwa saa 6 yahitaji wati-saa 30. Simu mbili zahitaji wati-saa 20 hivi. Jumla ni wati-saa 150 kwa siku. Kwa kuwa betri hairudishi umeme wote uliotiwa ndani yake, kinu lazima kitoe wati-saa 200 hivi. Hii ni nyumba ya kiasi, isiyo na televisheni, jokofu wala pasi. Lakini ni nyumba ambayo mtoto aweza kusomea usiku pasipo kuvuta moshi wa koroboi.

Kwa upepo wa meta 6, kinu chetu chaweza kutoa wati-saa 200 katika saa mbili tu. Kwa upepo wa meta 4 chahitaji karibu saa 7. Kwa upepo wa meta 3 chahitaji zaidi ya saa 15, na siku nyingine hakitapata kitu. Hapa ndipo betri inapokuwa na kazi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini haifai kuteremshwa chini ya nusu kama mwenyewe ataka idumu. Zabaki wati-saa 300, yaani matumizi ya siku mbili. Upepo ukitulia kwa siku tatu wakati wa tangambili, nyumba itarudi gizani.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba si kila kazi ya upepo huhitaji betri. Huko Thika, nchini Kenya, kampuni ya Bobs Harries Engineering ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kutengeneza vinu vya kuvuta maji vilivyopewa jina la Kijito. Kinu cha maji huweka akiba yake katika tangi, na tangi halichakai upesi kama betri. Kijiji chenye kisima kirefu na upepo wa wastani chaweza kufaidika zaidi kwa kuvuta maji kwa upepo kuliko kwa kuwasha taa.

VIUNGO VYA MTAMBO

Mtambo mdogo wa upepo si kitu cha siri. Mapanga, aghalabu matatu, huchongwa kwa mbao au huundwa kwa plastiki ngumu, nayo huwa na umbo la bawa la ndege ili upepo uyasukume upande. Nyuma yake kuna jenereta: sumaku za kudumu huzunguka mbele ya koili za waya wa shaba, na umeme huzaliwa katika waya, kama ilivyo katika dinamo ya baiskeli. Umeme huo ni wa mkondo geu, hivyo hupitishwa katika diodi ili uwe mkondo mnyoofu ufaao betri. Mkia hukielekeza kinu upande utokao upepo.

Mkia una kazi nyingine kubwa. Kwa kuwa nguvu huongezeka kwa kipeo cha tatu, dhoruba ya meta 18 kwa sekunde ina nguvu mara 27 ya upepo wa meta 6. Kinu kisichojikinga kitavunjika. Kwa hiyo mkia hufungwa kwa bawaba ya mshazari, ili upepo uzidipo kinu kigeuke upande na kuukwepa, mithili ya baharia apunguzaye tanga.

Betri ijaapo, mtu hawezi kuukata tu waya wa kinu, kwani kinu kisicho na mzigo huzunguka kwa kasi ya hatari. Kifaa cha kudhibiti huupeleka umeme wa ziada katika waya wa kupasha joto, nao huishia kuwa moto usiodhuru. Mwanafunzi atambue tofauti hii: paneli ya jua yaweza kuachwa bila mzigo isidhurike, lakini kinu hakiwezi.

Mwisho ni mlingoti, ambao wengi huudharau. Karibu na ardhi upepo huzuiwa na nyasi, miti na nyumba. Katika uwanja ulio wazi, kupandisha kinu kutoka meta 5 hadi meta 10 huongeza kasi kwa asilimia 10 hivi, na nguvu kwa theluthi nzima. Penye miti faida ni kubwa zaidi. Kanuni itumiwayo na mafundi ni kwamba kinu kiwe juu kwa meta 9 au 10 kuliko kitu chochote kilicho karibu nacho kwa umbali wa meta 100 hadi 150. Penye minazi na miembe mirefu, kanuni hiyo hudai mlingoti wa gharama kubwa.

MILIMA: MZUIAJI NA MSAIDIZI

Twarudi Mashewa. Mtu asimamapo katika bonde la Lwengera na kutazama mashariki, huiona Usambara ya Mashariki, ambayo upande wa Nilo hupanda zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Upepo utokao baharini lazima uipande milima hiyo au uizunguke kabla ya kulifikia bonde. Nyuma ya mlima upepo hupungua kasi na huvuruguka, ukija mara kutoka huku na mara kutoka kule. Kinu hakipendi upepo wa vurugu, kwani kila kinapogeuka kuutafuta, umekwisha kuhama.

Je, basi tuseme kwamba milima ni adui wa kinu siku zote? Hasha. Kaskazini mwa Kenya, kusini-mashariki mwa ziwa Turkana, upepo hubanwa kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, nao huenda mbio kama maji yapitayo katika mfereji mwembamba. Hapo, karibu na Loiyangalani, vilisimamishwa vinu 365 vya kilowati 850 kila kimoja, jumla ya megawati 310, ambavyo viliunganishwa na nyaya za taifa mwaka 2018. Karibu na Nairobi, juu ya vilima vya Ngong, vinu vya kwanza vya umeme vilisimamishwa mwaka 1993, kwa kuwa mgongo wa kilima huukusanya upepo na kuuharakisha. Nchini Tanzania, taarifa za serikali zimetaja wastani wa meta 9.9 kwa sekunde huko Singida na meta 8.9 huko Makambako, katika kimo cha meta 30. Na katika nyanda za Mufindi vinu vitatu vya Mwenga, vyenye uwezo wa megawati 2.4, vilianza kazi mwaka 2020.

Kwa hiyo mlima uleule waweza kuinyima upepo nyumba iliyo bondeni na kuupa kwa wingi mgongo ulio juu yake, umbali wa kilometa mbili au tatu. Ndiyo maana jibu la Singida haliwi jibu la Mashewa, na hata jibu la nyumba moja ya Mashewa haliwi jibu la nyumba nyingine. Siku hizi ipo Atlasi ya Upepo ya Dunia, iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia, ambayo yeyote aweza kuitazama bila malipo. Ramani hiyo ni mwanzo mzuri wa uchunguzi, lakini haiuoni mwembe ulio mbele ya nyumba ya mtu.

WALIOTUTANGULIA

Uzoefu wa nchi nyingine watufundisha mengi. Mwaka 1887 James Blyth, mwalimu wa chuo huko Scotland, alisimamisha kinu katika bustani ya nyumba yake ya mapumziko kijijini Marykirk, akatia umeme katika betri na kuwasha taa. Mwaka uliofuata Charles Brush, mjini Cleveland huko Marekani, alijenga kinu kikubwa chenye kipenyo cha meta 17 na mapanga 144. Pamoja na ukubwa huo kilitoa kilowati 12 tu. Baadaye katika karne ya 20 wakulima wengi wa nyanda za Marekani walitumia vinu vidogo vya mapanga matatu, kama vile vya Marcellus Jacobs, kuwashia taa na redio. Nyanda hizo zilikuwa wazi na zenye upepo mwingi. Serikali ilipounda shirika la umeme wa vijijini mwaka 1935 na nguzo zikaanza kuenea, vinu hivyo viliteremshwa kimoja kimoja. Kinu kilishindwa na waya, si kwa ubovu wake, bali kwa sababu waya uliwaletea wakulima umeme mwingi zaidi kwa taabu ndogo zaidi.

Jaribio jingine lilifanyika Uingereza mwanzoni mwa karne hii, nalo huitwa Warwick Wind Trials. Vinu vidogo 26 vilivyofungwa juu ya nyumba na majengo marefu vilifuatiliwa kwa vipimo, na taarifa ikatolewa mwaka 2009. Kwa wastani kila kinu kilitoa wati-saa 214 kwa siku. Kiasi hicho chatosha nyumba yetu ya kiasi ya kijijini, lakini kilikuwa sehemu ndogo mno ya kile walichotazamia wenye vinu hivyo, ambavyo vilikuwa vya bei kubwa. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba kasi ya upepo iliyokadiriwa kwa ramani ilikuwa kubwa kuliko ile iliyopimwa juu ya mapaa. Ikiwa kosa hilo liliwapata watu wenye wahandisi na ramani, mkulima asiye na vitu hivyo yampasa awe mwangalifu zaidi.

Upande wa mafanikio, wengi wamesikia habari za William Kamkwamba wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, nchini Malawi. Baada ya njaa ya mwaka 2001 na 2002, kijana huyo, ambaye wazazi wake hawakuweza kumlipia ada ya sekondari, alisoma vitabu vya sayansi katika maktaba ya shule ya msingi ya kijijini, akajenga kinu kwa baiskeli mbovu, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na nguzo za mkaratusi. Dinamo ya baiskeli ilimpa umeme wa kutia katika betri ya gari na kuwasha taa nne. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba mlingoti wake wa kwanza ulikuwa wa meta 5 hivi, naye baadaye akaurefusha hadi meta 12 ili mapanga yafikie upepo ulio juu ya miti. Alikiona kinu chake kikifanya kazi, akapima matokeo, akarekebisha. Huo ndio mwenendo wa kisayansi.

KUPIMA UPEPO SHULENI

Shule yoyote ya sekondari yaweza kupima upepo wa mahali pake kwa gharama ndogo. Hatua ya kwanza ni kutazama miti, kwa kufuata ngazi zilizobuniwa na baharia Francis Beaufort mwanzoni mwa karne ya 19. Majani yakivuma kidogo na uso ukihisi upepo, kasi ni kati ya meta 1.6 na 3.3 kwa sekunde. Majani na vijiti vikitikisika bila kukoma, ni kati ya meta 3.4 na 5.4. Vumbi na karatasi zikipeperuka na matawi madogo yakisogea, ni kati ya meta 5.5 na 7.9. Miti midogo ikianza kuyumba, kasi imefika meta 8 au zaidi. Tena miti iliyoinama daima upande mmoja, hata siku isiyo na upepo, ni ushahidi wa upepo wenye nguvu wa miaka mingi.

Hatua ya pili ni kutengeneza kipimaupepo. Vikombe vinne vyepesi hufungwa katika ncha za vijiti viwili vilivyopishana, navyo huzunguka juu ya mhimili laini. Kimoja hupakwa rangi ili mizunguko ihesabike. Ili kujua mizunguko kadhaa kwa dakika ni kasi gani, kifaa hushikwa juu ya pikipiki au gari liendalo polepole katika barabara nyoofu asubuhi isiyo na upepo, chini ya uangalizi wa mwalimu: kilometa 18 kwa saa ni sawa na meta 5 kwa sekunde, na kilometa 36 ni sawa na meta 10. Kisha kifaa hupandishwa juu ya mlingoti. Kimo kikubalikacho na wataalamu wa hali ya hewa duniani ni meta 10.

Hatua ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni subira. Vipimo vichukuliwe kila siku, mathalani saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, kwa mwaka mzima, ili kaskazi, masika, kusi na vuli vyote viingie katika daftari. Upepo wa alasiri peke yake utadanganya, kwani katika sehemu nyingi za bara upepo huamka jua likipanda na kulala jua likizama. Mwisho wa mwaka, kila kipimo kwanza kizidishwe chenyewe mara tatu, ndipo wastani utafutwe. Tuseme siku moja vipimo vilikuwa meta 2, meta 3 na meta 7. Wastani wa kawaida ni meta 4, ambao kwa kipeo cha tatu ni 64. Lakini wastani wa vipeo vya tatu ni 126, karibu maradufu. Darasa la hisabati na darasa la fizikia yaweza kuifanya kazi hii pamoja, na matokeo yakalinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilizochukuliwa Tanga.

KUFANYA UAMUZI

Daftari la mwaka mmoja likishajaa, uamuzi haumsumbui mtu. Ikiwa wastani wa mwaka, katika kimo cha mlingoti, ni chini ya meta 4 kwa sekunde, mwenye nyumba asinunue kinu. Paneli ya jua ya wati 50 itampa karibu wati-saa 200 katika siku ya kawaida, nayo haina kiungo kizungukacho, haihitaji mlingoti, wala haihitaji fundi wa kupanda juu kuifanyia matengenezo. Ikiwa wastani ni kati ya meta 4 na 5, kinu chaweza kuisaidia paneli katika siku za mawingu. Ikiwa ni zaidi ya meta 5, kinu kilichojengwa vema na kusimamishwa juu ya miti chastahili kufikiriwa kwa makini. Na katika vijiji vya Usambara vyenye vijito visivyokauka, mtambo mdogo wa maji huenda ukashinda vyote viwili, kwa kuwa maji hutiririka usiku na mchana.

Kuna gharama nyingine ambazo hazimo katika bei ya dukani. Bearingi huchakaa, mapanga hulika kwa mvua na vumbi, kamba za chuma za mlingoti hulegea, radi hupiga, na betri za risasi huisha baada ya miaka michache, nazo ni sumu zikitupwa ovyo. Hugh Piggott, fundi aishiye katika rasi ya Scoraig huko Scotland, amefundisha kwa miaka mingi namna ya kujenga vinu kwa mbao, sumaku na waya, na michoro yake imefuatwa katika nchi nyingi. Mafunzo yake yana maana kubwa kwetu kwa sababu ajengaye kinu kwa mikono yake aweza pia kukitengeneza kiharibikapo. Kijiji kisicho na fundi kitakuwa na kinu kwa muda mfupi, kisha kitabaki na mlingoti.

Walimu na wanafunzi wa Korogwe na Handeni wana nafasi ya pekee. Korogwe ina mabonde yaliyokingwa na migongo ya milima iliyo wazi. Handeni, ng'ambo ya mto Pangani, ina ardhi iliyo wazi zaidi yenye vilima vilivyotawanyika. Shule mbili, moja ya Mashewa na moja ya Handeni, zikipima upepo kwa vifaa vya aina moja, katika kimo kimoja na saa zilezile, kwa mwaka mmoja, zitakuwa na maarifa ambayo hakuna muuzaji wa vinu awezaye kuwapa wazazi wao. Kazi hiyo yahitaji vikombe vinne, nguzo moja, saa, daftari, na wanafunzi wa zamu wasiokosa kupanda kilimani hata siku ya mvua. Yafaa ianze mwanzoni mwa muhula, kabla mtu yeyote kijijini hajauza ng'ombe wake.